Mpishi wa Nyumba Hii

Ilford, 9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai goti limepoa tangu urudi Meru, na baba anaendelea vyema. Hapa London afya ipo, baridi tu ndiyo imekataa kuondoka.

Unauliza mbona Gakii hapokei simu zako. Hayupo. Amehamia kwa rafiki yake Daisy, Rayners Lane, na kosa ni langu.

Mama, mpishi wa nyumba hii ni mimi, si mke wangu. Gakii akitoka zamu hospitalini hukuta nimeshanunua vitu na chakula kiko mezani. Ulipokuja niliogopa utasema nini ukiona mwanamume aliyetahiriwa ameshika mwiko. Basi nikakaa sebuleni muda wote wa ziara yako, nikamwacha apike macho yakiwa mekundu kwa usingizi. Na ile Jumapili ya wageni wa kanisa, uliposema chapati zake ni ngumu, nilicheka nikawaambia wote, "Afadhali mama amekuja amfunze huyu. Nimeteseka."

Nilimwona akiweka sahani chini. Nikikumbuka, naona aibu hata kuwasha jiko.

Mwanao,
Godson


Meru, 14 Machi 2025

Mwanangu Godson,

Hujambo? Goti bado linanisumbua, lakini nakula na kulala. Baba yako anakusalimu, ingawa sijamsomea barua yako, maana ataanza maswali.

Nilijua. Gakii aliponipeleka dukani kwa Sonal, yule muuza mboga aliyezaliwa Kisumu, Sonal alituuliza kwa Kiswahili kama wewe ni mgonjwa, mbona huji kubishana naye kuhusu ndizi. Gakii alinitazama, nami nikajifanya sikusikia. Ilinipendeza kumwona mwanangu akipakuliwa. Na zile chapati nilizisema nikijua mtoto wa watu hajalala.

Kwa hivyo hatia ni yetu sote wawili. Kosa langu nimemwandikia mwenyewe. Wewe ulimwaibisha mbele ya watu, basi waite watu wale wale. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mamako


Ilford, 31 Machi 2025

Mama mpendwa,

Pole na goti, nimesikia daktari amekubadilishia dawa. Mimi ni mzima wa mwili.

Jana niliwaita wote. Nilipika mukimo, kuku na chapati, na Gakii akaja na Daisy, akaketi pamoja na wageni. Nilisimama na aproni yangu nikawaeleza kila kitu. Titus wa kanisani alilalamika kwamba sasa wake zao hawatawapa nafasi ya kupumua. Wengine wakapiga makofi, na sitakuficha, nilifurahia yale makofi.

Gakii alimaliza chakula chake, akavaa koti. Nilimsindikiza hadi mlangoni nikidhani mambo yameisha.

"Umewaambia wao, Godson," alisema. "Mimi bado hujaniambia."

Ni kweli, mama. Kesho naenda Rayners Lane, na sibebi chakula.

Mwanao,
Godson