Kelele ya Kazungu

Jumamosi, baada ya mechi

Na ile kelele ya "Jiweee!" niliianzisha mimi. Kabla timbo letu halijaishiwa mawe na kugeuzwa uwanja wa mpira, mimi ndiye niliyewaonya wachimbaji jiwe likitaka kuanguka.

Uongo. Alikuwa Kazungu.

Leo vijana wetu wamewafunga timu ya Marafa, na kila mpira ukielekea golini uwanja mzima unapasuka: "Jiweee!" Kazungu, mzee mwenzangu asiyejua hata kona ni nini, amekalishwa benchi la wachezaji, jezi kavaa, tumbo limechomoza kama fenesi. Wasichana wanamwamkia, "Shikamoo, Babu Jiwe!" Mimi niko juani, nimekalia tofali.

Nikamwita, "Wee Kazungu, hiyo jezi umemvua mjukuu?"

Akacheka. "Wivu huo, Katana! Waambie basi nani alikuwa amelala chini ya jiwe siku ile."

Nikageukia uwanja. Nani tena? Nilikuwa nimeshiba pombe ya mnazi, nikajilaza kivulini chini ya ukuta wa timbo. Kelele yake ndiyo iliyonirusha. Jiwe likaponda ndala yangu tu.

Naogopa nitakufa na hawa watoto wasijue kama nami nilichimba pale.

Lakini Kazungu, hebu fikiri. Nisingelala, ungempigia nani kelele? Hilo jina nimekupa mimi, na hujanilipa. Jumamosi ijayo sogea kidogo hapo benchini. Nafasi ya tako moja yanitosha.