Mama, Nilikutaja Mbele ya Juge

Kisangani, Kabondo

Kwako Mama,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na mengine labda utaikunja hii barua. Mguu unaendeleaje? Bado unavimba ukikaa sana sokoni? Mimi mwili ni mzima. Shule inaendelea, ila siku hizi nakaa dawati la nyuma nisiulizwe kitu.

Kesi ya kaka yangu, Yaya Faustin, ilisikilizwa Alhamisi. Tonton Basile, ndugu yake Papa, atakupigia simu na kukueleza kwa namna yake. Nataka usikie kwangu kwanza.

Walimleta na pingu, kichwa kimenyolewa, ndala moja nyekundu na nyingine ya bluu. Watu walijaa kumwona mtoto aliyemwua baba yake. Wawili ni wa darasa langu. Nilijificha nyuma ya mgongo wa Tonton.

Unakumbuka kikao cha familia tulipomzika Papa: wakubwa walikubaliana tuseme Yaya alirogwa, tusitaje kamwe ugonjwa wa kichwa, maana ukoo wenye wazimu hakuna anayekuja kuoa kwake. Donc mahakamani Tonton alisimama akasema vile vile, kifua mbele: "Mutoto wetu hana wazimu. Balimutupia kitu." Alidhani anamtetea. Mwendesha mashtaka akasema, bon, familia yenyewe imekubali huyu ana akili zake, akaomba hukumu ya kifo. Avocat, wakili wa Yaya, alifumba macho.

Juge, hakimu mama wa sauti ya chini, akaeleza kwamba sheria haimwadhibu mtu ambaye saa ya kutenda akili haikuwa yake. Mtu huyo anatibiwa. Akauliza nani kati yetu alimwona Yaya akiwa mgonjwa kabla ya siku ile. Tonton akaangalia viatu vyake. Mke wake akanibana mkono nikae kimya.

Nikasimama. Unanijua, Mama, hata kununua chumvi naogopa kusema na muuzaji. Nilianza na Kifaransa cha shule, kikanikauka mdomoni, nikarudi kwa Kiswahili chetu. Nikasema Yaya alikuwa anasikia Papa akimtukana hata Papa akiwa mbali mtoni. Nikasema hospitali walimpa vidonge, akatulia, akarudi kushona nyavu pamoja na Papa. Juge akauliza kwa nini basi ugonjwa ulirudi.

Ningeweza kusema sijui. Nikasema: "Mama alivitupa vile vidonge. Pasta alimwambia mutu wa imani hachanganye maombi na dawa. Na mimi niliona, nikanyamaza."

Watu waliguna. Mmoja nyuma akasema, "Kumbe mama ndiye aliua bwana yake," wenzake wakacheka. Masikio yangu yaliziba kwa aibu. Nilikaa chini na sikuinua kichwa tena.

Mama, najua ulikuwa unafunga kwa ajili yake mpaka nguo zikakulegea. Sikusema ili wakucheke. Lakini bila neno lile Yaya angebaki mtu aliyeamka tu akapenda kuua.

Juge hajakata kesi. Ameamuru daktari wa magonjwa ya akili ampime, na anataka kukusikia wewe, kwa mdomo wako mwenyewe. Avocat anasema hakuna atakayekukamata. Usipokuja, neno langu ni la mtoto, na mbele yake kuna neno la Tonton.

Gerezani wamemrudishia vidonge. Walipokuwa wanamtoa alipita karibu yangu, akaniambia polepole: "Ungemuacha Mama. Baseme tu ni mimi." Mama, sasa kichwa chake kiko sawa na anajua alichofanya. Anajua Papa hayuko, na anajua ni mkono wa nani.

Tonton haniongeleshi. Lituma yangu, ndizi za kuponda, nailia nje, pamoja na bata. Wewe pia utakasirika, na utakuwa na haki. Kuja na hasira yote kwenye boti, hata unigombeze mbele ya watu. Lakini kuja.

Unisalimie Koko, mama yake Papa, kama bado anapenda kusikia jina langu. Na Mama Mukubwa dada yako, na mdogo wangu Trésor. Yeye usimsomee hii barua.

Kila boti inayotoka huko kwenu Basoko ikifika, nitakuwa pale kando ya mto naangalia wanaoshuka.

Ni mimi binti yako, niliyekuaibisha,
Nadine