Salamu za Bi Zuwena kwenye simu

Alhamisi

Huyu Bi Zuwena na salamu zake! Kila nikimpigia kutoka zahanati, kwenye simu ya duka la Mwarabu jirani yake hapo Kariakoo, namuuliza pumu inaendeleaje, yeye ananiuliza habari za kwetu Moshi. Mgonjwa gani anajibu "sijambo" huku anahema?

Leo sikumkatiza. Nikamwamkia, nikasikiliza. Wiki iliyopita "marahaba" tu ilimkata pumzi. Leo kaulizia mama yangu, wadogo zangu, migomba, hata foleni ya unga kwenye duka la ushirika, bila kusimama kuvuta hewa. Dawa imemkubali. Nikafurahi peke yangu pale mezani.

Ila mama yangu anaumwa, na kule kwetu mlimani hakuna simu ya kumjulia hali. Nikajibu kwa kifupi, "Hawajambo wote, mama."

Akaniuliza, "Mwanangu, mbona sauti yako imekwama?"

Mimi ndiye nesi, lakini nililia. Nikamsikia mwenye duka akidai simu yake.

"Ngoja kwanza, baba," Bi Zuwena akamwambia. "Nina mgonjwa."