Gari la Kusikilizia

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na wewe, kaka na wifi mnaendelea vizuri. Huku tu wazima. Tumbo linakua, na mashine ya kushona sasa naifikia kwa mbali kama mtu anayeogopa mbwa. Mume wangu anakusalimu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda. Si simu yenyewe, ni wewe. Nikikupigia unasema "nzuri, nzuri," halafu "haya, msalimie mwenzio," unakata. Meseji hujibu. Nilivumilia, nikasema baba siku zote si mtu wa maneno mengi. Lakini Jumapili nilikueleza kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni na daktari anasema nitapasuliwa, nawe ukanijibu, "Vizuri sana, hongera." Kisha ukakata. Nilikaa na ile simu mkononi nikalia mpaka mume wangu akadhani uchungu umeanza.

Kama bado una kinyongo kwa sababu niliolewa mbali, niambie. Nigombeze, nitukane ukitaka, lakini usinipongeze kwa kisu.

Mwanao,
Chiriku

15 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, limeuachia mgongo zamu. Kaka yako mzima, mkewe mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sina kinyongo na wewe wala na mumeo. Sikusikia. Hilo la daktari sikulisikia, wala mengine uliyoniambia tangu mwaka jana. Masikio yangu yamekwisha. Ana kwa ana najikongoja, namwangalia mtu mdomo. Kwenye simu hakuna mdomo. Kuna kelele tu, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili, na katikati yake natambua kwamba ni wewe. Kwa hiyo nangoja unyamaze, nasema nzuri. Kwa jinsi unavyoongea, nilijua nzuri yangu itaangukia mahali fulani pazuri.

Nilikwenda kupimwa. Walinipa kidude cha kuvaa sikioni, kikapiga mluzi, na simu ikikikaribia kinapiga zaidi. Kimo kabatini. Meseji nazo siziwezi. Vidole vyangu vilizoea usukani, vinabonyeza herufi mbili mbili.

Kaka yako hajui. Anadhani nimekuwa mkaidi, na hilo halimshangazi. Akijua ataninyang'anya ufunguo wa gari, aseme asiyesikia honi haendeshi. Mimi niliwalea ninyi wawili kwa kuendesha gari la fanicha, kutoka duka moja hadi nyumba nyingine, na sikuvunja hata kiti. Nikikosa gari nitakuwa mzee wa kukaa mlangoni kutazama wapita njia. Kwa hiyo funga mdomo, ingawa najua namwomba nani.

Sasa niandikie yote aliyosema huyo daktari. Usiruke kitu.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo, pole na mgongo. Sisi wazima.

Mwaka mzima! Nimekueleza kuhusu bosi wangu, kuhusu choo kilichofurika, kuhusu mama mkwe, nikajiona nina baba msikivu kuliko wote duniani. Nimecheka, halafu nikakasirika, sasa nimetulia. Daktari amesema upasuaji utakuwa mwanzoni mwa Juni, mtoto mzima, na kila mtu anaona ni jambo la kawaida isipokuwa mimi.

Sasa soma vizuri. Gari la mume wangu lina redio inayoshika simu kwa blututhi. Ukipigiwa, muziki unakatika, na sauti ya mtu inatoka kwenye spika zote, za milangoni na za nyuma. Mama mkwe akipiga tunamsikia hata anavyotafuna. Simu huishiki. Inakaa mfukoni, wewe unabonyeza kitufe kwenye redio, unaongea ukitazama mbele kama mtu mwenye akili zake. Nenda kwa fundi redio wa magari, mwambie akuwekee redio ya namna hiyo, pamoja na maiki. Kama sauti itatoka pande zote nne, moja itakupata.

Ila nina sharti. Tuongee gari limesimama. Na huko barabarani, baba, kaka angekuwa na hoja. Nimeishia hapo, nimefunga mdomo.

Mwanao,
Chiriku

18 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Nakuombea afya, wewe na huyo aliyekaa vibaya. Mwambie akae vizuri, nyumba si yake peke yake.

Fundi redio aliitoa redio yangu ya kaseti, akaweka nyingine, na maiki akaibandika karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Akaiambia redio itafute simu na simu itafute redio. Zilipopatana akanihakikishia kwamba hazitaachana tena, labda nizime moja. Nikarudi nyumbani, nikaegesha uani, nikafungua sauti mpaka mwisho, nikangoja.

Ulipopiga, jina lako likatokea pale kwenye redio. Nikabonyeza. Nikakusikia unavuta pumzi kabla ya kusema shikamoo. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wanavuta pumzi. Nikasikia kwamba una mafua. Nilifurahi mno, mwanangu, nikashindwa kukujibu, ndiyo maana ukawa unasema haloo, haloo kama mtu aliyepotezwa sokoni.

Sasa sehemu ya pili. Mimi ile sauti niliiona ya kawaida. Kumbe mtaa mzima ulikuwa kwenye mazungumzo, maana kwa joto lile nilikuwa nimeacha milango wazi. Naambiwa uliposema umechoka, mama jirani alikujibu pole kutoka ng'ambo ya ukuta. Halafu wewe ukauliza, "Baba, kaka bado hajajua kwamba husikii?" Kaka yako alikuwa nyuma ya gari na ndoo ya maji, anaosha buti. Amejua.

Hakupiga kelele, au kama alipiga sikusikia. Alikuja upande wa dirisha, akazima, akachomoa ufunguo. Anasema kuna lori lilinipigia honi kutoka kwenye taa mpaka sokoni nami naenda katikati ya njia kwa raha zangu. Alihadithiwa, akadhani watu wanamtania. Ufunguo sasa anautunza mkewe, na bila ufunguo redio haiwaki. Tena kaka yako anatafuta mnunuzi. Tumegombana mpaka maneno yametuishia.

Sikulaumu. Nakulaumu kidogo.

Baba yako

21 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaniandikia, nami nilikuwa nangoja hasira zipungue. Sasa naandika nimelala, usishangae mwandiko.

Umepata mjukuu wa kike. Hawakungoja tarehe. Presha ilipanda, wakanipasua Jumanne. Mtoto mzima, ana masikio makubwa kama yako, tuombe tu yafanye kazi. Mimi nina maumivu lakini nakula.

Kabla ya kuniingiza chumba cha upasuaji waliniruhusu nipige simu. Nilikupigia wewe. Nilijua ufunguo huna, nikapiga hivyo hivyo. Iliita mpaka ikakatika. Nikampigia kaka, nikamsikia anakupazia sauti, na wewe unasema nzuri, nzuri. Niliogopa sana, baba. Nilitaka kukwambia naogopa, na wewe usikie.

Lakini sitamgombeza kaka. Nimefikiria lile lori kila siku. Kaka anasema mnunuzi amepatikana na atakuja wiki hii. Sijui nikuombe nini. Nataka unisikie, na nataka uwe hai. Fanyeni mnavyoweza.

Mwanao,
Chiriku

30 Mei

Mama mtoto,

Marahaba, na hongera. Safari hii najua naitoa kwa jambo gani. Kula sana, usiinue vitu vizito, mumeo ana mikono.

Kaka yako alisimama mbele yangu akatamka polepole kama anafundisha chekechea: mtoto, wa, kike. Nilifurahi. Halafu nikatoka nje, nikakuta mama jirani ameshajua, muuza mkaa ameshajua, hata fundi redio alinipungia mkono kunipongeza. Babu wa mtoto nilikuwa wa mwisho mtaani. Kisha ikafika barua yako, nikasoma ulivyoogopa ukanipigia mimi. Hiyo iliniuma na bado inaniuma.

Jumamosi mnunuzi alikuja. Alifungua boneti, akasikiliza injini, akalisifu gari. Nikamwambia kaka yako amrudishe alikotoka. Akanitazama kwa yale macho ya marehemu mama yenu, tayari kwa vita. Nikamwambia alete jeki.

Tulifanya kazi pamoja. Yeye aliinua, mimi nikafungua nati, maana zile nati zinanisikia mimi tu. Tukapanga matofali, tukaliteremsha gari juu yake. Matairi na rimu zake nimempa fundi matairi, akayavingirisha mpaka dukani kwake. Watu wanauliza gari limeharibika nini. Nawajibu halijaharibika, na wananionea huruma kwamba akili nazo zimeanza kuondoka. Sitakudanganya, gurudumu la mwisho lilipotoka nilikwenda kunawa mikono, nikanawa kwa muda mrefu. Kuendesha nilikupenda, na nilikujua.

Kaka yako alikwenda mwenyewe kwa mkewe, akauchukua ufunguo, akanipa mkononi. Tukanywa chai. Tumeanza kuongea tena, yaani yeye anaongea na mimi namtazama mdomo.

Asubuhi nawasha injini kidogo ili betri isife, kisha nazima naacha redio. Vioo nafunga hata kwenye joto. Mama jirani amelalamika kwamba sasa hapati habari.

Barua hii ikikufikia, piga, saa yoyote ya mchana. Niambie ulivyoogopa, anzia mwanzo. Ukimaliza, mweke mtoto karibu na simu. Akilia mwache alie, usimbembeleze haraka. Nipo garini, siendi popote.

Baba yako,
na babu wa huyo