Moyo Wangu Umemtetea Baba Mdogo

Hamburg, Ujerumani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na mvua za huko Old Moshi hazijapukutisha maua ya kahawa. Mimi nipo, ila nilikudanganya. Yale mafua niliyokuambia kwenye simu yalikuwa moyo. Nilianguka kazini bandarini, nikalazwa. Usilie kwanza, maana barua hii inamhusu zaidi Baba Mdogo.

Daktari alitaka kujua nyama ya moyo imeumia kiasi gani. Wanakuchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, inakwenda na damu mpaka moyoni, kisha mashine inapiga picha. Penye damu panang'aa, pasipofikiwa ni giza. Siku moja kabla walinikataza kahawa. Mimi kwa ujuaji wangu nikaona wanasema ile yao ya dukani, nikanywa ya kwako uliyonitumia. Nesi alinirudisha nyumbani kama mtoto mtoro! Nikapimwa wiki iliyofuata.

Kwanza walinitembeza haraka haraka, picha ikaonyesha upande mmoja una giza. Wakapiga nyingine nikiwa nimepumzika, pale pale pakang'aa.

“Nyama haijafa,” daktari akasema, “ina njaa ya damu tu. Tutakupasua, tuipitishie damu njia nyingine. Baba yako alikufa kwa nini?”

Mama, niliona aibu. Nilimweleza jinsi Baba alivyoanguka kwenye mibuni ameshika kifua, na mkono wa kushoto ulivyomuuma tangu asubuhi. Sikuthubutu kumwambia kwamba tulisema amerogwa na mdogo wake.

“Inaelekea ni ugonjwa huu huu,” akasema. “Mara nyingi unatembea katika ukoo. Ana ndugu aliye hai?”

Yupo mmoja, Baba Mdogo, tuliyemfukuza kihambani, kwenye shamba la ukoo, akaenda kupanga chumba huko Rau. Damu yao ni moja, na hakuna aliyemwambia akapimwe. Roho inaniuma sana.

Napasuliwa mwisho wa mwezi. Nakuomba ukate jani la isale, ulifunge fundo, umpelekee wewe mwenyewe kumwomba msamaha. Kwetu isale halikataliwi. Akishalipokea, mwambie aende hospitali, asingoje kuanguka.

Nisalimie shangazi mwenye kilabu cha mbege, dada yangu mwalimu, na shemeji fundi seremala.

Na Baba Mdogo akiuliza ni nani aliyelitamka kwanza neno lile la kurogwa pale kaburini, usinifiche tena, Mama. Mwambie ni mimi.

Mwanao akupendaye,
Elinami