Hisa ya Anouar katika Sosiete ya Upepo

Buyenzi, Bujumbura
Mwezi wa saba, 1998

Kwa mdogo wangu Anouar,

Pokea salamu, na juu ya salamu pokea pole, maana sijui karatasi hii itakukuta umesimama, umekaa au umelala. Afya yako? Kile kikohozi cha vumbi la mbao kilikuacha, au kilivuka nawe hadi ng'ambo? Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mutu anavyoweza kukosa jambo katika mji huu. Mama ni mzima. Macho yamepungua, masikio yameongezeka. Siku hizi anasikia hata ninachofikiri. Anakula kidogo na kuuliza sana, na swali lake unalijua.

Mimi bado nakaanga maandazi barazani, na bado nasoma magazeti ya zamani ninayonunua ya kufungia maandazi. Ulikuwa unanicheka kwamba nasoma habari zilizolowa mafuta. Nakuambia, habari za sasa hata ukizipaka mafuta hazimezeki.

Kuhusu umeme, nguzo za kule milimani zikisimamishwa leo, kesho vita vimezilaza. Embargo nayo, tangu majirani watufungie biashara, imefanya esansi ya magari iuzwe kwa vichupa, kama marashi ya bibi harusi, na mwenye gari analiosha tu na kulitazama. Redio zilinyamaza. Na mji ukinyamaza, Anouar, watu husikiliza sana milango.

Sasa habari yenyewe. Kuna fundi anaitwa Sylvère, aliyekuwa na mashine ya kusaga muhogo hapa nyuma, kabla mafuta hayajamwishia. Siku moja alinunua andazi kwangu, akaanza kusoma gazeti nililomfungia. Ilikuwa picha ya minara yenye mabawa, na maneno ya Kifaransa kwamba huko Ulaya wanakijiji wananunua hisa katika kampuni za upepo, na kila mwaka minara inazidi. Aliondoka na karatasi, andazi akaliacha. Nikajua huyu ama amepata wazo, ama amepata homa.

Aliwaita watu, akawaeleza kwamba upepo wa ziwa hauhitaji esansi, wala hauombi ruhusa ya kupita vizuizi vya barabarani. Rachid mwenye bucha alicheka hadi kofia ikaanguka. Akasema upepo ni wa Mungu, ninyi mnaukatia hisa, kesho mutatuuzia mvua kwa kilo. Sylvère akamjibu kwamba hata ng'ombe ni wa Mungu, na yeye Rachid anamuuza kwa kilo, tena na mifupa ndani. Hapo ndipo Sosiete ya Upepo ilipozaliwa, kwa kicheko.

Pesa hazikutakiwa, kwa sababu pesa za siku hizi zinaamka na nguvu na kulala wagonjwa. Wakakubaliana kwamba hisa ni kitu kinachopanda juu ya mashine. Mwenye kitu chake kule juu ana zamu ya kuleta batri ijazwe. Mjane Marguerite alileta mabomba ya ule mradi wa maji ambao maji yake hayakufika, ndiyo yakawa mlingoti. Dereva mmoja alileta dinamo ya lori lake lisilokwenda tena. Rachid alikuja mwisho, amenuna, amebeba ekseli ya mkokoteni wa nyama, akasema ameileta ili aone tutakavyoaibika. Mbao za mabawa, na bawaba za kushikia mkia unaogeuka kuufuata upepo, nilizileta mimi, baada ya kulaumiwa kwamba nachelewa. Zilikotoka nitakuambia. Usiniharakishe, mwenyewe sijiharakishi.

Basi ikazunguka. Kila alasiri ziwa likipumua, mabawa yanaamka, batri zinajaa, na jioni redio zinasema tena uongo wao. Waliocheka sasa wanaomba hisa. Wamekuja watu wa Kinama, wale waliorudi kutoka ukimbizini, na hata kutoka Gihosha kwa wakubwa ametushukia bwana mmoja, Melchior, mtumishi wa serikali mwenye tai. Anasema upepo huu ni mali iliyolala bure, kwamba tukipanua tutaweka mashine ya pili na ya tatu, na siku moja mabawa yatapangana hadi Gatumba. Anaongea vizuri. Maandazi yangu yalipoa yakimsikiliza.

Lakini kuna jambo ambalo halikuandikwa katika lile gazeti. Ule mkia ukigeuka, bawaba zinalia. Zinalia mlio mrefu, halafu mfupi. Siku ya kwanza Mama alikuwa anachambua maharagwe. Aliinua kichwa, akasema taratibu, "Adija, mufungulie mutoto. Anouar amefika." Nikaenda kufungua. Nje alikuwepo mbuzi wa jirani, naye alishangaa kama mimi.

Tangu hapo ni kila alasiri. Anajifunga kitambaa chake vizuri, ananiagiza nikutengee sahani ya ndagala wa ziwani, mimi naenda kufungua mlango. Mara moja nilijaribu kutofungua. Alinitazama kwa macho yale yasiyoona vizuri, akaniuliza kama tumegombana, wewe na mimi. Sijajaribu tena.

Na si Mama peke yake. Marguerite anasema ndani ya ule mlio anamsikia mumewe akisafisha koo, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuingia. Wenye batri hawaji kuzichukua baada ya magharibi. Tulimwita imamu. Akasema upepo ni kiumbe, hauna roho ya mutu, tusijitie katika ushirikina. Alisema vizuri, kisha hakuondoka. Alibaki amesimama chini ya mlingoti, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Naye ana watu wake ambao hawajarudi.

Sasa Melchior ameahidi mabawa ya bati na mkia mpya wenye grisi, kitu kimya, cha kisasa, chenye nguvu zaidi. Kwa sheria ya Sosiete, kitu kikishushwa kinarudishwa mkononi mwa mwenye hisa. Na hisa ya mabawa na bawaba, mdogo wangu, sikuiandikisha kwa jina langu. Niliiandikisha kwa jina lako.

Sasa nikuambie. Nilikwenda Kinama na Sylvère kutazama nyumba yako. Siku zote nilikuwa nakuandikia kwamba ipo, nikimwamini aliyeniambia. Haipo. Mabati yameondoka, matofali yameondoka, ule mpapai wa uani umeondoka na mizizi. Umebaki mlango, ule wa mbao za libuyu ulioupiga randa mwenyewe siku nzima, umesimama katika fremu yake, umefungwa kwa ufunguo, kama mlinzi ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia aende nyumbani. Nilipiga hodi. Usicheke. Ukuta wa kushoto haukuwepo, ningeweza kuzunguka, lakini nilipiga hodi kwanza na kungoja. Ndipo mimi na Sylvère tukapita pembeni, tukautoa kwa ndani.

Kwa hiyo mabawa ni mlango wako. Na bawaba ni zile zile ambazo Mama alikuwa anakuambia uzitie mafuta, nawe ukasema ziache, zitakuambia mwizi akija. Mama hajakosea hata siku moja. Ni mlango wako kweli unaolia.

Hilo lingetosha kwa barua moja, lakini bado. Médiatrice, yule anayevusha mawese pale mpakani Gatumba, alikuja kwangu mwezi wa tano, akaketi bila kuagiza chai. Alikuwa amepita sokoni Uvira, huko ng'ambo, mbele ya mutu aliyetandaza vyuma chakavu juu ya gunia, akaona ufunguo wenye shanga za Mama, zile ulizofungiwa siku ile ya kukimbia, ulipouvaa shingoni na kusema unarudi baada ya wiki. Muuzaji hakujua lolote, alivinunua vyuma vyote pamoja. Médiatrice akaukomboa kwa kipande cha sabuni. Kitasa cha mlango nilikuwa nimekihifadhi chini ya kitanda. Niliutia. Ukazunguka laini, kama vile umefungua jana.

Ufunguo wako umerudi peke yake, Anouar. Nimeuficha ndani ya unga. Mama hajui, au anajua na ananihurumia.

Jumapili mkutano ulikaa. Wakaniuliza mbele ya wote, kwa heshima, kama mwenye hisa yuko hai. Kama yuko, angojwe. Kama hayuko, warithi waseme, mabawa yashuke na ya bati yapande. Nilitaka kusema sijui. Lakini Mama alikuwa ameketi hapo pembeni na masikio yake yote, na upepo ulikuwa ndio unaanza. Nikasema mwenye hisa yuko njiani.

Hakuna aliyeuliza njia ipi. Melchior aliutazama uso wa Mama, akailegeza tai yake. Rachid, huyo huyo wa mvua kwa kilo, ndiye aliyesimama akasema basi ya bati yangoje mashine ya pili, mlango wa mutu aliye njiani hauondolewi.

Kwa hiyo nakuomba neno moja tu. Wengine wataniambia ufunguo haumwachi mwenyewe ila kwa jambo moja. Mimi nasema hata njaa huuachisha. Kama uliuuza, umefanya vyema, uza na viatu. Sitakulaumu, wala Mama hatajua. Niambie tu walikupa nini: chumvi, sahani ya maharagwe, kiberiti. Nikijua walikupa nini, nitajua ni wewe uliyeuza.

Barua anaichukua Médiatrice, njia ikifunguka. Nilipomkabidhi hakuniuliza ampelekee nani wapi. Aliitia kifuani tu.

Marguerite anakusalimu, Sylvère, ambaye hamjaonana, anakusalimu kama mwenye hisa mwenzake, na Rachid anasema ukifika kuna nyama, isiyo na mifupa. Mama anakusalimu kwa mdomo wake mwenyewe, ndiyo kwanza ameniita. Upepo umeanza na kitambaa ameshafunga.

Naacha kalamu hapa, naenda kukufungulia.

Yaya wako wa tumbo moja,
Adija