Kitufe cha Kulipua Mnara

Jumatatu, 4 Novemba 1991

Kaja bwana wa kampuni ya kubomoa, Pritchett, viatu vinang'aa. Mgodi wetu wa makaa ya mawe, Cwm Hesgin, hapa Wales, umefungwa tangu Machi. Sasa wanalipua mnara wa lifti iliyoshusha wachimbaji. Eti watachezesha bahati nasibu, mshindi abonyeze kitufe! Au nibonyeze mimi, "kwa heshima", maana lifti hiyo nimeiendesha miaka ishirini na sita. Heshima! Nikamfikiria mke wa muuza nyama akibonyeza na glovu zake nyeupe. Nikasema nitabonyeza mimi. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Novemba

Klabuni. Mostyn, aliyechimba makaa chini miaka yote niliyokuwa juu, hakunisalimu.

"Emlyn, umetushusha, umetupandisha, sasa umekuja kutuzika?"

Wakacheka. Na wao je? Mostyn huyo huyo kabomoa matofali ya bafu la mgodi akajengea banda la njiwa. Haydn, mchimbaji mwenzake, kaweka helmeti yake ya mgodini dirishani, watalii waione. Watalii gani, hapa? Wanafiki watupu! Nikamaliza bia yangu nimesimama, nikaenda zangu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nesta kanipigia pasi suti ya mazishini. Namwambia, mke wangu, si mazishi.

"Basi vaa ya harusi. Mradi usinitie aibu."

Diwani atahutubia. Yule hajawahi kushuka hata kwenye stoo ya viazi chini ya nyumba.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika kibandani, kitufe mbele yangu. Tulipaswa kulipua saa nne. Sasa saa tano kasorobo. Nje watu kama elfu, bendi, soseji zinakaangwa — soseji!

Pritchett katundika ubao wetu wa zamani upigwe picha. Kila mchimbaji alikuwa na kipande chake cha shaba chenye namba. Ukishuka unakichukua, ukipanda unakirudisha ubaoni. Nikamwambia: themanini na nane haipo. Ubao ukiwa na pengo, mtu yuko chini. Hakuna kinachoguswa.

"Mzee, mgodi mtupu tangu Machi!"

Nikakunja mikono. Akamwita Mostyn anishawishi. Themanini na nane ni ya Idwal, na Idwal yuko pale nje, anakula soseji, tunamwona wote! Mostyn kautazama ubao. Kavua kofia.

"Emlyn, usiguse kitu."

Basi wanatafuta. Wanaume wazima wamepiga magoti kwenye matope. Diwani anasubiri kwenye baridi, hotuba mkononi. Idwal anaapa kwa roho ya mama yake kwamba alikirudisha. Na kweli alikirudisha. Kiko ndani ya soksi yangu, kinanibana. Nilikichomoa asubuhi, Pritchett alipogeuka. Sikuweza. Nawadharau wote hawa, na kubonyeza kitufe sikuweza!

Mostyn kaja dirishani sasa hivi. Kanitazama uso, kisha kiatu. Kauliza polepole, tuendelee kutafuta mpaka lini?

Nikasema, mpaka giza.

Kageuka, namsikia anawafokea: tafuteni hata kwenye mifuko ya bendi!